Ndama wa Mzee wa Kanisa

Haya alinisimulia Aikande mwenyewe, mama yake Goodness, siku chache kabla ya Krismasi iliyopita, tulipokuwa tumekaa nyuma ya nyumba ya msiba tukimenya ndizi za kupika na nyama, machalari. Alikuwa anaongea bila kuinua macho, anamenya na kutupa, anamenya na kutupa, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Yale ambayo hakuyaona mwenyewe aliyapata kwa binti yake, na mengine mimi nimeyasikia kwa Elizabeth, mke wa huyo mzee. Nayaandika kwa sababu hapa kwetu Old Moshi nimeshaanza kusikia watu wanayasimulia kichwa chini miguu juu, aliyekosa anakuwa mkosewa, na mtoto anabaki na jina baya.

Ilikuwa Jumamosi ya kujaribu majoho. Wanakipaimara walikuwa wamepangwa mstari ukumbini, wavulana upande wa dirisha, wasichana upande wa mlango. Majoho yale meupe ni mali ya usharika, yanakaa kabatini mwaka mzima na kutolewa mara moja, na ufunguo wa kabati anao Mzee Ndelilio, mzee wa kanisa. Ni mtu mwenye kahawa, mwenye ng'ombe wa maziwa, na mwenye sauti ambayo haihitaji kipaza sauti. Alikuwa anampima kila mtoto kwa macho, anamrushia joho lake, anasonga mbele. Alipofika kwa Goodness aliurudisha mkono na joho lake.

"Wewe, vua kitambaa."

"Mama amesema nisikivue, Mzee."

"Mama yako ndiye mzee wa kanisa? Vua."

Goodness akavua. Ni msichana wa kidato cha pili, nywele zimekatwa fupi kama shule inavyotaka, kwa hiyo hakuna kilichojificha. Kichwa kilikuwa na mabaka ya mviringo, yamenyonyoka nywele, yamekauka juu kama yamenyunyiziwa unga. Moja lilikuwa limeteremka nyuma ya sikio hadi shingoni, na jingine limeshafika shavuni. Mvulana mmoja upande wa dirisha akasema, "Oya, tazameni ramani ya dunia," na wenzake wakacheka.

Mzee hakumkemea yule mvulana. Alilikunja joho likawa dogo kabisa, akalibana kwapani. "Hili ni la usharika. Mwakani atalivaa mtoto wa mwenzio. Na mchungaji aweke mkono wapi hapo, niambie? Utangoja mwakani, ukishapona, na kwenu wakishajifunza kuoga."

Mwinjilisti Shedrack, kijana aliyewafundisha watoto wale katekisimu, akasogea. "Mzee, labda tungemwambia mchungaji kwanza."

"Nimeshamwambia," Mzee Ndelilio akasema. Alikuwa hajamwambia.

Goodness alikuwa amehudhuria mafundisho Jumamosi zote kwa miaka miwili. Amri alizijua, maelezo ya amri aliyajua, na Shedrack alipokuwa amebanwa na mafua ndiye aliyewasomesha wenzake. Bado Jumapili moja tu hadi siku yenyewe ya kuwekewa mikono na kukaribishwa mezani pa Bwana. Sasa ataachwa nyuma, wenzake wote wapite, yeye arudi kukaa benchi moja na wadogo zao, na kila atakayeuliza kwa nini, atajibiwa kwamba ni kwa sababu ya uchafu. Alifunga kitambaa chake akatoka. Hakulia barabarani. Alilia alipofika kwenye migomba ya kwao.

*

Aikande hakusubiri mumewe ashuke mlimani. Alivaa khanga safi akaenda kwa Mzee Ndelilio jioni ileile, kabla jua halijazama. Mzee alikuwa barazani, miguu juu ya kigoda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hapo hapo panatosha, Mama Goodness. Kuna hewa nzuri hapo."

Basi akasimama uani, kuku wakipita kati ya miguu yake, akaomba kama mtu anayeomba maji. Akasema mtoto anaoga, tena kwa sabuni, asubuhi na jioni. Akasema amempaka dawa. Akasema hata kama hawezi kuvaa joho la usharika, atamshonea lake.

"Mama Goodness, mimi sina ugomvi na mtoto," Mzee akasema. "Nina ugomvi na uchafu. Nyumba ya Mungu ni nyumba ya Mungu. Hebu niambie, ndama wangu anaendeleaje?"

"Anakula vizuri, Mzee."

"Mpeni majani mabichi. Msimzoeshe migomba mitupu."

Huyo ndama nieleze kidogo, maana ndiye mwenye habari yenyewe. Kwetu huku mtu mwenye ng'ombe wengi huweka mmoja kwa jirani ambaye hana. Mtunzaji anakata majani, anasafisha zizi, anachukua mbolea, na ng'ombe akianza kukamuliwa anachukua maziwa. Ndama wa kwanza atakayezaliwa anarudi kwa mwenye mali, wa pili ni wa mtunzaji. Ndivyo watu wengi walivyopata ng'ombe wao wa kwanza. Mzee Ndelilio alikuwa amemweka ndama jike kwa Aikande tangu wakati wa baridi, na nyumba nzima ilifurahi. Ndama alikuja amepakwa oili chafu ya gari shingoni na kuzunguka macho. Mzee akasema ni dawa ya kupe.

Elizabeth, mke wa Mzee, alitoka na chai ya maziwa. Wageni wote pale hunywa kwenye vikombe vya udongo vyenye maua. Aikande alipewa kikombe cha plastiki. Akanywa, kwa heshima, akiwa amesimama. Alipotaka kukirudisha, Elizabeth akarudi nyuma hatua moja.

"Nenda nacho tu, Mama Goodness. Kitakufaa nyumbani."

Aikande aliondoka na kikombe mkononi. Aliniambia kwamba njiani alitaka kukitupa kwenye mfereji, lakini kulikuwa na watu wanachota maji, na hakutaka kuulizwa.

*

Nisingependa mtu adhani mama huyu alikuwa amekaa tu anamtazama mtoto anaharibika. Baka la kwanza lilipotokea, dogo kama kifuniko cha soda, alikwenda duka la dawa la njia panda. Kijana anayeuza pale anaitwa Rodrick, ana koti jeupe na maneno mengi. Hakuuliza hata mgonjwa ana umri gani.

"Chukua hii tyubu, mama. Hii ndiyo mwisho wa maneno. Chunusi, madoa, mapunye, inafagia yote. Madada wa mjini wanapaka hadi usoni, wanang'aa kama chungwa."

Akapaka. Baka likapoa, likalainika, muwasho ukaisha, na Aikande akamshukuru Mungu na Rodrick pamoja. Halafu likarudi. Lilirudi na wenzake, mapana kuliko mwanzo, na yakaanza kuteremka. Akanunua tyubu ya pili, na Rodrick akamwambia apake kwa wingi zaidi.

Shuleni nako mwalimu wa zamu alimwita mbele ya mstari wa asubuhi, akaamuru mwanafunzi mwenzake amsugue kichwa kwa gunzi la mahindi mpaka damu ikatoka, kisha akampaka dawa ya zambarau. Goodness alitembea na kichwa cha zambarau mpaka rangi ilipofifia yenyewe. Kila mtu alikuwa na dawa yake, mnaona. Hakuna hata mmoja aliyeinama akatazama vizuri, akauliza, "Mwanangu, hiki kitu kimeanza wapi?" Neno walilokuwa nalo wote lilikuwa moja tu, uchafu, na ni neno rahisi sana kulisema ukiwa una tangi la maji uani.

*

Jumatatu Aikande alimpeleka zahanati. Daktari pale anaitwa Beatha, mama mfupi asiyepoteza maneno. Alimketisha Goodness karibu na dirisha, akamgeuza kichwa huku na huku, akaichukua ile tyubu, akaisoma.

"Nani aliwapa hii?"

"Tumenunua duka la pale njia panda."

"Hii inaifanya ngozi isilalamike, mama. Ngozi imenyamaza, fangasi naye anakula kwa raha zake, hakuna wa kumsumbua. Itupe." Akaitupa yeye mwenyewe. "Kwenu mna ng'ombe?"

Aikande aliona sasa huyu naye anataka kusema wanalala na wanyama. "Sisi ni watu wa kawaida tu, Daktari."

"Sijauliza kama ni wa kawaida. Nauliza kama kuna ng'ombe."

"Yupo ndama mmoja."

"Ana mabaka? Ya kijivu, magumu, kama amebandikwa maganda, machoni na shingoni?"

Aikande alifungua mdomo kusema hana, lakini Goodness akawahi. "Anayo. Yanaonekana oili ikitoka. Mzee alisema ni kupe."

"Anayemlisha nani?"

"Mimi."

"Majani unabebaje?"

"Kichwani."

"Chini ya mzigo unaweka nini ili usikuumize?"

"Gunia. Nalikunja nafanya kata."

"Gunia gani?"

Goodness akamtazama mama yake, na mama yake akajua kabla hajajibu. Huku juu kwetu kipindi cha baridi ndama mdogo haachwi zizini. Analala jikoni karibu na mafiga, na anafunikwa. Wao walimfunika kwa gunia. Asubuhi mtoto anamvua ndama gunia, anakwenda nalo kukata majani, analikunja likiwa bado na joto, analiweka kichwani, anaweka mzigo juu yake. Jioni ndama anafunikwa tena. Aikande ndiye aliyekuwa akimhimiza: chukua gunia, mwanangu, usiumie utosi.

"Ndilo hilo hilo," Aikande akasema. "Analofunikwa ndama."

Daktari Beatha akaketi. "Basi sikiliza. Hii si uchafu. Hata mtoto anayeoga mara tatu kwa siku, ukimsugua utosi kwa gunia hilo kila asubuhi, ataipata. Gunia lichomeni. Ndama aonwe na bwana mifugo, na mtu asimshike bila kunawa. Mtoto atameza vidonge, wiki nyingi, na asiache hata kama nywele zimeanza kuota. Ameze na maziwa au chakula chenye mafuta. Na kitambaa chake kiwe chake peke yake."

"Jumapili hii ni kipaimara chake, Daktari. Anaweza kuwekewa mikono?"

"Hilo la kumwekea ni kazi ya mchungaji. Langu ni kukuambia kwamba akimgusa, akitoka anawe kwa sabuni. Basi."

*

Davis, baba yake Goodness, ni mgumu, yaani anabeba mizigo ya watalii mlimani. Alishuka Alhamisi, akaketi kwenye kiti cha jikoni, akaanza kuvua mabuti. Si yake. Anayakodi mjini kwa mtu ambaye hukodisha mabuti yale yale kwa watu wengi, mmoja anavua leo, mwingine anavaa kesho, ndani bado yana unyevu. Soksi zilipotoka, Goodness alifungua mlango kuacha hewa ipite. Kati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, inachanika.

Aikande alimwekea maji ya moto kwenye beseni. "Hizi zako zinaitwaje, Baba Goodness?"

"Fangasi tu. Si unajua za mlimani."

"Na za mtoto?"

"Mapunye."

"Daktari anasema ni ukoo mmoja. Mbona wewe hawajakuzuia kwenda mezani pa Bwana?"

Davis akajaribu kumchekesha. "Miguu haiwekewi mikono, mke wangu."

Aikande hakucheka. Akamweleza yote, joho, kikombe, tyubu, gunia, na mwisho akasema, "Nataka kumrudisha ndama."

Kicheko kikamwishia Davis hapo hapo. Akatazama miguu yake ndani ya maji. "Unajua unachosema? Tumemkatia majani tangu baridi. Mwakani angepandishwa. Wa pili angekuwa wetu. Mimi mgongo wangu hautabeba mizigo milele, nilikuwa nahesabu huyo ndiye atanitoa mlimani."

"Najua."

"Si tumtibu tu? Bwana mifugo aje, tunyamaze, mtoto apate kipaimara mwakani. Mwaka ni kitu gani?"

Goodness alikuwa anasugua sufuria nje ya mlango. Mikono yake ilisimama. Aikande aliisikia ile sufuria ikinyamaza.

"Muulize huyo nje mwaka ni kitu gani," akasema.

Davis hakumuuliza. Baadaye akasema, "Basi mrudishe jioni, giza likiingia. Watu wasione."

Maana kwetu, ng'ombe wa kuwekwa akirudishwa mchana, barabarani, kabla hajazaa, hiyo si habari ndogo. Kila mtu atauliza kuna nini, na aibu inakwenda kwa mwenye ng'ombe. Ni kama kumwambia mbele ya watu: mali yako sina haja nayo.

"Alikuja mchana," Aikande akasema. "Ataondoka mchana."

*

Akaenda naye Jumamosi. Gunia lilikuwa limeshachomwa nyuma ya migomba. Oili walikuwa wamemsafisha kwa maji ya moto na sabuni, na kila baka lilionekana vizuri. Aikande alishika kamba, mikono ndani ya mifuko ya nailoni, na njia nzima alikuwa anaulizwa.

"Mama Goodness, unampeleka mnadani?"

"Namrudisha kwa mwenyewe."

"Kwa nini, mmekosana?"

"Mtazame machoni."

Watu walimtazama, wakatazamana, na wengine wakamfuata kwa nyuma kwa mbali, kama wana safari zao.

Barazani kwa Mzee Ndelilio walikuwepo wageni. Mchungaji Aikaeli alikuwa amekuja na wazee wengine wawili kupanga ibada ya kesho yake, na Elizabeth alikuwa anatoka na sinia la chai ya kuwaongeza. Aikande alimfunga ndama kwenye mti wa parachichi, akavua ile mifuko, akaamkia.

"Marahaba, Mama Goodness," Mchungaji akasema. "Kulikoni?"

"Nimemleta ndama wa Mzee. Daktari amesema ana fangasi, na ndiye aliyemwambukiza mwanangu. Mwanangu amekatazwa kipaimara kwa ajili hiyo, akaambiwa kwetu hatuogi. Nimeona mwenye ndama achukue ndama wake."

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Nani amekatazwa kipaimara?"

Wale wazee wawili wakatazama ndani ya vikombe vyao. Mzee Ndelilio akakohoa. "Hilo nilitaka tuliongee leo hii, Mchungaji. Lakini kwanza, wewe mama, huyu ndama alitoka hapa mzima kabisa. Kama amepata ugonjwa, kaupata kwako."

"Hakutoka mzima, Baba Wilson."

Ni Elizabeth aliyesema, na sinia bado liko mikononi mwake. Mwenyewe ameniambia kwamba hakuwa amepanga kusema. Alikuwa anamwona Aikande amesimama pale pale uani aliposimamishwa siku ile, na akakumbuka kile kikombe.

"Elizabeth, peleka chai."

"Nitapeleka. Mwanetu Wilson alikataa kuleta wajukuu likizo mpaka ndama atoke hapa, si alikupigia simu ukiwa hapo hapo ulipokaa? Aliogopa watoto wake wataambukizwa. Mimi nikasema tumwambie Mama Goodness, ana mtoto. Ukasema ukimwambia hatampokea. Ukampaka oili."

Ndiyo hivyo. Alijua. Alijua ugonjwa, alijua unaambukiza, alijua kuna mtoto, na alichagua watoto wa nani waugue. Halafu akasimama ukumbini na joho kwapani akamfundisha yule mtoto habari za kuoga. Nimeandika hili polepole ili nisiliharibu kwa hasira, lakini hasira ninayo.

Mzee Ndelilio akasema, "Kila ng'ombe ana vidonda vyake. Mimi si daktari."

"Hukuwa daktari ukumbini pia," Aikande akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilikuja hapa ukanisimamisha kwenye kuku. Ukaniuliza ndama anaendeleaje. Hukuniuliza mtoto anaendeleaje."

Pale barabarani watu walikuwa wameacha kujifanya wana safari. Mchungaji akaona, akainua mkono. "Jamani, tuyamalize kindugu. Goodness aje kesho, atapata kipaimara na wenzake. Kwa busara tu, akae mwisho wa mstari."

"Kwa nini mwisho, Mchungaji? Wengine wanapangwaje?"

"Kwa herufi za majina."

"Basi na yeye ana herufi."

Mchungaji akachukua tena kikombe chake. "Sawa," akasema. "Kwa herufi."

Na hapo likaisha. Hakuna aliyesema pole. Mzee hakuambiwa aiseme, na Mchungaji hakuidai, kwa kuwa kesho kulikuwa na ibada na ufunguo wa kabati anao Mzee. Aikande alishuka mikono mitupu. Zizi lao lilikuwa limeshafagiliwa, na Davis alikuwa amekaa kwenye kizingiti chake, akampisha apite.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Shedrack alikuwa ameomba ufunguo mapema, akamletea Goodness joho nyuma ya ukumbi. "Usijali," akamwambia, "nikishalipokea nalifua mwenyewe kwa maji ya moto. Ya wengine wote nayo nitayafua hivyo hivyo, maana hatujui nani ana nini." Ilimchekesha Goodness kidogo, akavaa, akafunga kitambaa chake cheupe.

Alipoitwa alipiga magoti kati ya Elisante na Happiness, mahali pake. Aikande alikuwa benchi la tatu. Aliogopa mkono utasimama hewani. Lakini Mchungaji Aikaeli, kwa hili nampa haki yake, aliweka mikono yote miwili juu ya kile kitambaa na kuilaza kwa uzito wake wote, na hakufanya haraka.

Kilichobaki kilikuwa vyeti. Mzee Ndelilio alisimama kwenye meza pembeni ya madhabahu, amevaa suti, na kila mtoto alipofika alimpa cheti kwa mkono wa kushoto na kumshika mkono kwa wa kulia, akatabasamu. Akampa Elisante. Alipofika Goodness, Mzee alikichukua cheti, akakiweka kwenye ukingo wa meza, akavuta mkono wake nyuma. Alifanya kwa upole, ungedhani amechoka tu.

Goodness hakukichukua. Alisimama mbele ya meza, ameunganisha viganja viwili na kuviinua kidogo, kama tunavyofundisha watoto kupokea kitu kutoka kwa mkubwa. Hakusema kitu wala hakukunja uso. Alingoja.

Mwanzoni watu walidhani hajakiona. Happiness nyuma yake akanong'ona, "Chukua, kiko hapo." Goodness akabaki vile vile. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshainua mkono kuwaanzisha waimbaji, mkono ukabaki juu. Mama mmoja akamhamisha mtoto titi. Kanisa zima likatulia, na kila mtu akaona ile meza, kile cheti ukingoni, na ule mkono wa Mzee uliojificha nyuma ya koti. Mchungaji alikuwa amegeuka. Angeweza kusema neno, hakusema.

Mzee Ndelilio alimtazama mtoto, akamtazama Mchungaji, akatazama mabenchi ambako watu aliokuwa akiwarushia majoho tangu utoto wao walikuwa wanamtazama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Akautoa mkono nyuma ya koti. Akakiokota cheti, akakiweka kwenye vile viganja, na ilibidi vidole vyake viguse vya mtoto.

Goodness akapiga goti kidogo. "Asante, Mzee," akasema, na watu wa mabenchi ya mbele walimsikia. Akarudi mahali pake. Mkono wa mwalimu wa kwaya ukashuka.

*

Nyumbani Aikande alikuwa amepika kwa ajili ya watu wengi, na walikuja wachache. Wengine walituma watoto kusema wamepata udhuru. Zita, jirani yao wa bondeni, alikuja na chupa ya maziwa, akala sahani mbili, akamwambia Goodness akae karibu naye awasimulie sura ya Mzee tena. Davis alicheka mpaka akafuta macho. Baadaye Zita akaaga, maana wingu lilikuwa limeshafunika mlima na mvua ilikuwa inakuja.

Machalari yalibaki sufuria nzima. Davis aliketi kwenye kochi kusubiri mvua ije na kupita ndipo akatazame zizi tupu, akavua viatu, akapitiwa na usingizi kichwa kimeegemea ukuta. Goodness alikunywa kidonge chake na maziwa ya Zita, akalivua gauni jeupe alilolivaa chini ya joho akalitundika, akajilaza kitandani na kitambaa chake cha kawaida, cheti kiko kifuani. Hakuchukua muda.

Aikande alitaka kuosha vyombo. Aliingia kwanza kukitoa cheti kisikunjike, akakiweka juu ya kabati. Kitambaa kilikuwa kimelegea, akakifunua kidogo kutazama. Mabaka yalikuwa bado yapo, yale yale, ila lile la nyuma ya sikio lilikuwa limeanza kukauka pembeni. Alikirudishia, akanawa mikono kwa sabuni, akarudi akaketi miguuni pa kitanda ili apumzike kidogo tu. Mvua ilianza kupiga bati. Akaegemea upande, nusu mwili kitandani, miguu bado imevaa viatu vya kanisani, na mvua ilipokatika hakuisikia.